Maman Zaituni na Mgeni wa Kiti cha Mlangoni

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2026, saa kumi jioni, Maman Zaituni Ramadhani atafunga droo zake, atamkabidhi Madame Thérèse funguo mbili, na kuiacha ofisi yetu ya Saint-Gilles, Brussels, baada ya kuitumikia miaka ishirini na sita na miezi sita. Ametimiza miaka sitini na sita mwezi uliopita. Kutakuwa na chai na sambusa ghorofa ya chini, hotuba mbili fupi, na kila atakayekuja atapewa karatasi hii. Madame Thérèse, mwenye kampuni, aliniagiza niandike kurasa chache za kuchekesha. Nimejaribu. Kichekesho kipo, ila msikitegemee mpaka mwisho.

Mimi ni Élisée, wa tiketi na viza. Meza yangu inatazamana na ya Maman Zaituni, na imekuwa hivyo kwa miaka kumi na tano. Yeye ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Mimi nimezaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo tunaelewana hata tukigombana, na tumegombana sana. Hapa ninaandika Kiswahili cha shule kwa heshima yake. Pale alipozungumza mwenyewe nimeyaacha maneno yake yalivyo, maana ningeyanyoosha angenijia juu.

Alianza hapa Oktoba 1999, na hakuanza kwenye meza. Alikuwa anasafisha ngazi na ofisi. Siku moja wenye kazi wametoka kula, simu ikalia, ikalia tena, akaipokea huku kitambaa cha vumbi kiko mkononi. Alikuwa notaire mmoja, yaani wakili wa hati, wa Uccle, anataka safari ya jangwani lakini sehemu isiyo na upepo. Maman Zaituni akamjibu kwa Kifaransa chake cha wakati ule kwamba upepo si mali yetu, hatuuuzi na hatuwezi kumwondolea. Yule bwana akacheka, akaweka nafasi ya watu wanne. Juma lililofuata Madame Thérèse akamnunulia kiti.

Kwa wasiotujua: sisi ni Maison Kimya. Tunapeleka watu wachache wenye uwezo kwenye jangwa moja la mbali, kusini, ambako kuna mwamba mwekundu uliosimama peke yake katikati ya tambarare. Mwamba una jina. Wenyewe, yaani watu wa pale wanaoutunza tangu enzi za babu zao, walituomba tusilichapishe, basi tunauita Mwamba tu. Kambi yetu ina mahema kumi na mawili, na asiyeyaona asiseme hema. Kuna vitanda vya mbao ngumu, mabafu ya shaba, shuka za kitani zinazopigwa pasi kila asubuhi, na kitanda cha pili chenye magurudumu ambacho husukumwa nje ili mtu alale akitazama nyota. Kuna mpishi anayeoka mkate ndani ya mchanga. Yote hayo, kuanzia mto wa manyoya mpaka mtu asiyekula kitunguu, yalipitia kwenye daftari la Maman Zaituni. Alijua nani analala upande wa kushoto na nani anakoroma. Wateja walikuwa wanamwogopa kidogo, na walikuwa hawaendi kwa mwingine.

Yeye mwenyewe hajafika huko hata mara moja. Kila mwaka kampuni ilimpa safari, kila mwaka aliigawa. Mara magoti, mara mama yake mgonjwa, mara Ramadhani imekaribia. Mwaka 2014 aliigawa kwangu, ndiyo maana ninayoyasema kuhusu Mwamba nimeyaona kwa macho.

Haukaribiwi ovyo. Mita mia mbili kabla ya kuufikia kuna mstari wa mawe meupe. Hapo gari linazimwa. Kiongozi, ambaye ni mmoja wa wenyewe, anaita kwa lugha yao, kisha wote mnangoja kuitikiwa. Jibu likija kiongozi anajua, na hakuna aliyewahi kutueleza anajuaje. Lisipokuja mnarudi, hata kama mmetoka Antwerp na kifungua kinywa kimeshaandaliwa kwenye sahani za kaure. Kuna pia sharti la pili: ukisikia wewe ndiye unayeitwa, usiitikie. Anayeitikia amekuwa mwenyeji, na mwenyeji lazima apokee.

Siku yangu tulikuwa sita. Kiongozi alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, miwani ya jua, simu kubwa kuliko yangu. Aliita mara moja. Tukangoja, kahawa ikapoa. Upepo ulikuwa umekufa kabisa, majani hayatikisiki, na bado kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kinapepea kuelekea Mwamba. Baada ya dakika arobaini akasema leo hapana, akageuza gari. Mzee mmoja wa Liège, ambaye tangu Brussels alikuwa amelalamikia mpaka chumvi, alikaa na mikono magotini kama mtoto aliyekemewa. Barua ya kuwaomba radhi wageni kama hao iliandikwa na Maman Zaituni miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudai alipwe safari nyingine. Wengi waliandika kushukuru kwamba hawakuruhusiwa.

Sasa nifike kwenye neno. Karatasi yetu ya masharti kwa Kifaransa ilisema mgeni afikapo kwenye mawe "ajitambulishe". Maman Zaituni aliliona neno hilo halina adabu, kama la polisi. Akaanza kuwafundisha wateja kwenye simu, mmoja mmoja: kiongozi akishaita, unasimama, unasema hodi, unanyamaza. Walilipenda. Viongozi wa kule walicheka kwanza, kisha wakalizoea. Kwa zaidi ya miaka ishirini mamia ya Wabelgiji wamesimama mbele ya jiwe lile na kusema "odi", maana h inawashinda. Kati ya mafanikio yake yote, hili ndilo alilojivunia zaidi. Alituambia kila Krismasi kwamba amewafundisha wazungu kubisha mlango.

Jumatano ya tarehe 19 Februari 2025, saa tisa alasiri, simu ya kambi ililia. Kambi hupiga kila siku saa hiyo kutoa orodha ya mahitaji. Ililia kwenye meza yangu. Nilikuwa nakula, nikamwomba Maman Zaituni aichukue, akabonyeza spika ili aendelee kutafuta kalamu. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa mchanga. Kisha sauti, wala si ya mwanamume wala si ya mwanamke, ikasema polepole, "Odi."

Nani kati yetu ameambiwa hodi akanyamaza? Ulimi wetu hauulizi ruhusa. Maman Zaituni, kichwa kiko ndani ya droo, alisema, "Karibu, karibu sana, pita ndani." Laini ikakatika. Ndipo akainua kichwa, akanitazama, na rangi ilikuwa imemtoka. Kule kambini hakuna mtu anayejua Kiswahili. Dakika kumi na mbili baadaye walitupigia kwa simu ya mji wa jirani kutuomba msamaha: mtambo wao wa simu ulikuwa umezimika tangu alfajiri.

Kesho yake asubuhi kiti cha wateja kilichopo mlangoni, kile cha mahameli ya bluu, kilikuwa na joto la kukaliwa. Nje kulikuwa na barafu na radieta ya kupasha chumba joto ilikuwa bado haijawashwa. Chini yake kulikuwa na mchanga mwekundu, laini, kiasi cha kujaza kijiko. Lucien, mwenzetu wa mauzo, akasema ni viatu vya mteja. Mteja gani, hakutaja. Siku ya pili mchanga ulikuwepo tena, na siku ya tatu Lucien akahamishia meza yake chumba cha nyuma akisingizia mwanga.

Maman Zaituni hakuhama. Aliweka glasi ya maji kwenye meza ndogo iliyo karibu na kile kiti, na jioni maji yalikuwa yamepungua. Alikisogeza kiti karibu na radieta ya hapo hapo mlangoni. Kila asubuhi alisalimia, akaeleza kama tramu zimegoma na mvua itakuwaje, kisha akaanza kazi. Hakuuliza jina na hakukigeuzia mgongo. Wateja waliopiga simu walianza kuuliza kama yuko nje, kwa sababu nyuma ya sauti yake walisikia upepo. Lucien alitaka kuleta watu wa maombi kutoka kanisa lake. Yasmina, binti wa Maman Zaituni, alitaka kuleta shehe. Mama yake aliwakatalia wote kwa sentensi moja: "Ni miye nimemukaribisha na kinywa yangu, alors nimufukuze na uso gani?"

Lakini huko jangwani mambo yaliharibika. Tangu siku ile kila kundi lililosimama kwenye mawe meupe lilirudishwa. Mwezi mmoja tulidhani ni bahati mbaya. Mwezi wa pili viongozi waliacha kuita, kwani walisema ni sawasawa na kuita ndani ya chumba kitupu. Mwezi Mei wenyewe waliifunga njia, na ujumbe wao ulikuwa mfupi: nyumbani hakuna mtu, ni nani kwenu aliyeitikia? Madame Thérèse alikaa na barua hiyo siku mbili. Maman Zaituni aliichukua mezani pa Madame na kujibu kwa mkono wake kwamba ni yeye, peke yake, na kwamba mgeni hana shida yoyote, anakunywa maji, ila joto la Brussels halimtoshi.

Walimjibu kwa upole kuliko nilivyotazamia. Watu wa pale, kama sisi, hawamfukuzi mtu aliyepokelewa. Mgeni akiaga mwenyewe, yule aliyesema karibu amsindikize mpaka kwake. Wazee wao wa kike walikuwa wameanza kulala nje karibu na mawe, wakiona haya kuwa na mlango usio na mwenyewe. Ilinikaa kifuani hiyo. Tumeuza vitanda vya nyota miaka yote hiyo, na sasa kuna watu wanalala chini kwa ajili ya kosa letu.

Basi tukangoja. Miezi minane. Mwaka huu, Jumatatu ya tarehe 12 Januari, tulifungua ofisi tukakuta kiti kimegeuzwa, kinatazama mlango, na glasi imefunikwa mezani mdomo chini, kama afanyavyo mgeni mwenye adabu aliyeshiba. Maman Zaituni aliweka mkoba chini na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ameaga." Siku hiyo hiyo akamwomba Madame Thérèse ile safari aliyoigawa miaka ishirini na sita.

Nilikuwepo alipoongea na kambi. Yule dada wa miwani, ambaye sasa ni mkuu wa viongozi, alimweleza njia. Atafika kwenye mawe, atayavuka bila kiongozi, jambo ambalo hakuna mtu wa nje amewahi kufanya, na ataendelea kutembea na mgeni wake mpaka ajue amefika. Kurudi kwake, dada hakukuahidi. Alisema tu kwamba nyumba ile nayo ina desturi ya kukaribisha. Maman Zaituni akaandika yote kwenye daftari, akauliza kama njia ina vivuli, kwa ajili ya magoti.

Yasmina alinikuta kwenye kituo cha Saint-Guidon, Anderlecht, wanakoishi, akaniumiza roho. Analia mbele za watu, ananiomba nimzuie mama yake, kwamba mimi ndiye ninayesikilizwa naye. Nilimwambia nitajaribu. Nikapanda metro, na njia nzima sikuweza kuitazama sura yangu kwenye kioo cha dirisha.

Sababu yake ni hii, na ninaomba wenzangu mnisamehe kwamba mnaisoma kwenye karatasi ya sherehe. Siku ile ya simu, na mimi niliitikia. Mdomo wangu umejaa mkate, lakini nilisema karibu, kama ambavyo mngesema ninyi. Nikajiambia sauti yangu haikufika. Agosti iliyopita Maman Zaituni alichukua likizo ya wiki mbili. Kwa haki mgeni alipaswa kumfuata mwenyeji wake, au angalau atulie. Asubuhi ya kwanza mchanga haukuwa mlangoni. Ulikuwa chini ya meza yangu, pande zote mbili za viatu vyangu vya akiba, na kiti changu kilikuwa na joto. Niliufagia kabla Lucien hajafika. Niliufagia siku kumi mfululizo na kuutia kwenye bahasha, na jioni niliweka maji. Aliporudi sikumwambia. Nilimwacha abebe peke yake jambo la watu wawili, kwa sababu niliogopa. Ninaogopa hata sasa hivi, saa nne asubuhi, jua linawaka na Lucien anapiga miluzi chumba cha nyuma.

Nimelihesabu kila upande. Akienda peke yake atafika na nusu ya mgeni, na nusu itabaki kwenye kiti changu. Mlango wa wale wazee utabaki mtupu. Na yeye, nani ajuaye atatembea mpaka wapi akingoja kuona amefika, hali hawezi kufika?

Jumanne iliyopita nilimwambia. Nilisimama mbele ya meza yake kama mtu anayeomba kazi. Alinisikiliza, akafunga daftari, akavua miwani.

"Nilikusikia siku ile ile," alisema. "Nilikuwa nakungoya useme mwenyewe, Élisée. Donc asante."

Nilimuuliza kwa nini basi aliwaandikia wenyewe kwamba ni yeye peke yake. Alisema nina watoto wadogo, na kwamba hawezi kumsemea mtu neno lake la karibu. Nikamuuliza kama angeondoka hivyo hivyo iwapo ningenyamaza. Alianza kunifokea kuhusu pasipoti yangu, kama bado ina miezi sita. Nililia, tena vibaya, na yeye akaendelea kufoka mpaka nilipomaliza.

Huyo ndiye mtu tunayemuaga. Wengine watasoma hapa habari za mito na mabafu ya shaba, na zote ni za kweli. Aliijenga kampuni hii kwa simu na daftari. Lakini mimi ninataka iandikwe kwamba alifanya kosa ambalo kila mmoja wetu angelifanya, akalikiri siku alipoulizwa, akamtunza aliyempokea mwaka mzima bila kunung'unika, akanificha mimi nyuma yake, na hakuwahi hata siku moja kunifanya nijisikie mdogo.

Karatasi hii basi ni barua yangu ya likizo pia. Mke wangu anajua. Hajaongea na mimi tangu Jumatano, lakini amenipigia pasi mashati. Yasmina anajua. Wenyewe wamejulishwa kwamba wanakuja wenyeji wawili. Tiketi nimezikata mimi, ndiyo kazi yangu, Jumatatu tarehe 30. Za kwenda ni tatu, viti vitatu vya pamoja, kwa sababu mgeni hasimamishwi njiani. Za kurudi nimekata mbili.

Maman Zaituni, kwa niaba ya Madame Thérèse, Lucien na wateja wote uliowafundisha adabu: ahsante kwa miaka yako. Maisha yaliyo mbele yawe mema na marefu, magoti yapone, na wajukuu wakuchoshe. Ninyi mnaobaki, sambusa zisiwasahaulishe. Mtuombee tiketi za kurudi zitumike zote mbili.